Amana ya Mwili na Uzito wa Gunia

Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo ndiyo yaliyolea maadili ya wakazi wengi wa Kisiwa cha Mombasa, mwili ni amana, yaani kitu ambacho mja amekabidhiwa na Mwenyezi Mungu akitunze, kisha aulizwe habari zake. Fundisho hilo huwa gumu linapomfikia hamali wa Tononoka, anayebeba magunia na kusukuma mkokoteni kuelekea masoko ya Marikiti au Mwembe Tayari, kwa sababu mwili alioamriwa autunze ndio mtaji wake wa pekee.

Maradhi ya misuli na viungo yatokanayo na kazi hayaji kwa ajali ya siku moja, bali hujijenga polepole kila magoti, pingili za mgongo na kano, yaani nyuzi ngumu zinazoshikanisha misuli na mifupa, zinapolemewa tena kabla ya kupona. Gunia la mahindi nchini Kenya huhesabiwa kilo 90, ilhali pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataka mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55. Tofauti hiyo hulipwa usiku, kwa usingizi unaokatikakatika, na alfajiri, pale mtu ambaye hajawa mzee anaposwali juu ya kiti kwa kuwa magoti hayamruhusu kusujudu. Dini imempa ruhusa hiyo, na ruhusa yenyewe ni ushahidi kwamba maumivu yake yanatambuliwa mbele ya Mungu. Inasikitisha kwamba hayatambuliwi sokoni.

Wengi humwambia astahimili, kwani subira ina malipo. Jibu hilo halitoshi. Subira humfaa mja mbele ya jambo lisiloepukika, kama msiba au uzee, lakini uzito wa gunia umepangwa na watu, na kumhubiria aliyebebeshwa pasipo kumgusa aliyembebesha ni kuifanya ibada kuwa kinga ya dhuluma. Mtume Muhammad alikataza watumishi wasikalifishwe wasiyoyaweza, na akaagiza kwamba anayewakalifisha awasaidie; kwa hiyo dhima humwelekea kwanza mwenye mzigo.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo humkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo unaoweza kumdhuru, ila kibarua anayemtumikia mwenye duka mmoja asubuhi na mwingine mchana hukosa wa kumwita mwajiri. Dhima ya kidini haingoji mkataba. Mfanyabiashara anayefungasha bidhaa zake kwa kilo 50, au anayemlipa mtu wa pili ashike ncha ya pili ya gunia, anatekeleza wajibu, na imamu anastahili kuutaja wajibu huo katika hotuba ya Ijumaa kwa uwazi ule ule anaoutumia kutaja zaka.