Kisicholingana na Nafsi Yake

Wanamantiki tangu kale huanza na jambo lisilobishiwa: kila kitu ni sawa na nafsi yake. Ndani ya kompyuta, hata hivyo, imo thamani inayolikana jambo hilo. Huitwa NaN, maana yake "si namba", nayo huzaliwa pale sifuri inapogawanywa kwa sifuri. Kwa kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho William Kahan wa Berkeley alikuwa mhimili wake, NaN ikiulizwa kama ni sawa na NaN, hata kama ni ile ile, jibu ni la.

Msaka makosa asiyelijua hilo hukesha bure. Huiandikia programu imtafutie NaN kwa alama ya usawa, na programu humjibu kuwa haipo, ilhali imejaa tele. (JavaScript, ikiulizwa NaN ni kitu cha aina gani, hujibu bila haya: ni namba.)

Lakini ukaidi huo una haki yake. Watu wawili waulizwe umbali wa kisiwa wasichokijua, kila mmoja ajibu "sijui". Je, wamekubaliana juu ya umbali?

Uzito wa suala umo kwingine. Chukua vipimo vitatu vya kina cha maji mlangoni mwa bandari: mita 4, mita 7, na cha tatu NaN kwa sababu kifaa kimeharibika. Kina kidogo kabisa ni kipi? Lugha ya C, kwa fmin, humpuuza asiyejua na kusema 4. Java, kwa Math.min, husema NaN. Shaka ya mmoja imekuwa shaka ya wote. C inachunga kilichojulikana kisipotee, na kwa wastani wa joto la siku huenda hapana madhara. Kwa nahodha, hiyo mita 4 ni ahadi isiyo na mdhamini, maana mwamba waweza kuwa umekaa pale pale kifaa kilipokufa. Hapa Java ndiyo yenye uaminifu, ijapokuwa jibu lake halimfikishi mtu gatini.

Marekebisho ya kiwango ya mwaka 2008 yalifuata njia ya C. Yale ya 2019 yaliifuta amri hiyo, yakapendekeza mbili mahali pake: moja inayompuuza asiyejua, na nyingine inayomsikiliza. Mwandishi wa programu sasa hutakiwa aitaje anayoitaka kabla jahazi halijang'oa nanga.