Maiti naye ana heshima yake

Tamthilia ya Kituruki ya Sultan, iliyorushwa na Azam TV kwa sauti za Kiswahili, hapa Kasulu ilizungumzwa hata barazani baada ya Isha. Nimeitazama. Ustadi wake siukatai, ila nina swali.

Sultan Suleiman alitawala miaka 46, tangu 1520 hadi 1566, akafariki akiwa vitani Szigetvár, Hungary. Tamthilia hiyo, iliyoanza kuonyeshwa Uturuki mwaka 2011, imemweka zaidi katika nyumba ya wake na vijakazi, na kumpachika maneno ya faragha ambayo hakuna aliyeyasikia. Mwaka 2012 Erdogan, wakati huo Waziri Mkuu, aliilalamikia hadharani.

Watasema: ni mchezo tu. Kwa mtu wa kubuni, sawa. Huyu ana jina na kaburi. Suratul Hujurat imekataza dhana na kusengenya. Je, ukimsengenya jirani yako utajitetea kuwa ulikuwa unaigiza? Na jirani anaweza kujibu, maiti hawezi.

Sisemi tuzime televisheni. Nasema mzazi aketi na wanawe, awaambie: hili ni historia, hili limebuniwa. Tukinyamaza, watamjua Suleiman wa mtunzi, nao wataapa kuwa ndiye.