Ngozi Yako Itasomwa na Usiowajua

Wanangu na wajukuu zangu wa Kalemie, wa Lac, wa Lukuga na wa Kituku,

Tangu Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi alipowaita vijana waingie jeshini, nawasikia wengi wenu mkizungumzia magwanda. Baadhi yenu mnataka zaidi ya bunduki: mnataka kurusha ndege. Nawaombea mfike. Lakini naona pia tatuaje zikizidi kwenye shingo na mikono yenu: majina ya wapenzi, nyota, nge, fuvu la kichwa. Mambo haya mawili yanaweza kugongana siku moja mbele ya meza ya ukaguzi, na siku hiyo mtakuwa mmechelewa kuonywa. Nisikilizeni leo.

Ndege si jambo geni kwenye ziwa letu la Tanganyika. Mwaka 1916, hapo Mtowa kaskazini mwa mji, Wabelgiji walileta ndege za kutua majini walizoazimwa na Waingereza. Mwezi Juni zilivuka ziwa kwenda kuishambulia Kigoma, ilikokuwa meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ile ambayo leo inaitwa Liemba. Mmoja wa marubani, Aimé Behaeghe, aliugua akafia Niemba kabla mwaka ule haujaisha. Katika vita vile babu zetu walikuwa askari wa miguu na wapagazi. Usukani wa ndege haukuwa wao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya anga Kamina na kufundishia marubani wao huko. Hata hivyo, siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Force Publique, jeshi la kikoloni, nzima haikuwa na afisa hata mmoja Mkongo. Ngozi nyeusi ilitosha kumzuia mtu. Kizuizi hicho kimeondoka. Ndiyo maana naumia nikimwona kijana hodari wa hesabu na fizikia akijiwekea kizuizi kingine kwa mkono wake, juu ya ngozi hiyohiyo.

Kila jeshi lina sheria zake kuhusu michoro ya mwilini. Hapo ng'ambo ya ziwa tu, matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama yoyote ya kuchorwa mwilini. Jeshi la Anga la India huruhusu mchoro wa kudumu sehemu chache tu, kama upande wa ndani wa mkono kati ya kiwiko na kiganja, na huwafikiria kwa namna ya pekee watu wa makabila ambao alama ni mila yao. Jeshi la Anga la Marekani lililegeza masharti mwaka 2017, na Machi 2023 likaruhusu mchoro mmoja shingoni usiozidi inchi moja. Lakini uso umebaki marufuku, na michoro ya matusi, ya magenge na ya chuki haikubaliki mahali popote mwilini. Tazameni hapo: sheria zinatofautiana na zinabadilika, ila wino ukishaingia haubadiliki nazo. Aliyechorwa leo hajui atasimama mbele ya sheria ipi kesho.

Mtauliza, wino unamzuiaje mtu kurusha ndege? Haumzuii. Macho yanayotofautisha rangi, masikio mazima, moyo wenye mapigo sawa na kichwa kilichotulia ndivyo vinavyorusha ndege. Lakini nafasi za urubani ni chache mno na waombaji ni wengi, na mchujo huanza na yale yanayoonekana kwa macho. Mkaguzi anatafuta mtu anayejua kujizuia, maana rubani hukabidhiwa chombo cha mamilioni ya dola na roho za watu. Akiona mchoro anajiuliza: una maana gani, na aliuchora akiwa katika hali gani? Daktari naye anauliza sindano ilitoka wapi. Sindano iliyopita kwenye mwili wa mwingine bila kutakaswa ipasavyo inaweza kuleta homa ya ini ya aina B au C, au virusi vya ukimwi. Ugonjwa wa namna hiyo unaweza kukufungia urubani hata pale ambapo mchoro wenyewe ungesamehewa.

Msiniambie kwamba hata wazee walichanjwa. Ni kweli. Batabwa wa upande wa Moba walijulikana kwa chale zao za ustadi, hasa za akina mama. Lakini chale zile zilisomwa na watu waliozijua. Jamii iliamua zichanjwe lini, na nani, na kwa sababu gani. Mchoro wako wa leo utasomwa na mtu usiyemjua, katika ofisi ambayo bado hujaiona, naye atausoma kwa hofu zake. Mkoa wetu wa Tanganyika unalijua hilo kwa uchungu. Wapiganaji wa Mayi-Mayi hupakwa dawa kwenye chale, na kijana mwenye alama mpya kifuani anaweza kutiliwa shaka kwenye kizuizi cha barabarani hata kama hajawahi kushika panga. Alama haimngojei mwenyewe ajieleze.

Kwa hiyo nawapa maneno haya. Wewe ambaye bado hujachorwa, ngoja. Pata kwanza diploma yako ya Serikali, ingia kwenye ukaguzi, ujue jeshi lako linataka nini. Hakuna mchoro unaoharibika kwa kungojewa, na mpenzi wa kweli haombi jina lake liandikwe shingoni mwako.

Wewe uliyekwisha kuchorwa, usijidharau, wala usikimbilie kujichoma kwa pasi au kujimwagia asidi. Kovu la moto ni alama nyingine, na litaulizwa vilevile. Kufuta kwa mwanga wa leza kunahitaji vipindi vingi na fedha nyingi, na mara nyingine huacha doa. Nenda ukapime homa ya ini na virusi vya ukimwi. Tangazo likitoka, uliza sheria yao kabla hujalipa nauli. Ukifika mezani, vua shati, onyesha, eleza maana yake, usifiche. Mchoro unaweza kuvumiliwa. Uongo wa afisa mtarajiwa hauvumiliwi. Wakikukataa, kumbuka kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: ndege zinahitaji mafundi wa injini, waongozaji wa mnarani na wapimaji wa hali ya hewa, na kazi hizo ziko pia katika anga la kiraia.

Nanyi mnaoshika sindano kwenye saluni zetu, msimchore mtoto wa shule. Mwambieni arudi akishakuwa mtu mzima. Wazazi, badala ya kumpiga aliyechorwa, zungumzeni na mdogo wake ambaye bado anafikiria.

Mungu awape afya ya mwili na subira ya moyo. Kalemie inawahitaji marubani wake. Jitunzeni ili siku mkiitwa, ukaguzi ujadili uwezo wenu na siyo ngozi zenu.