Hajiri na Kisima

Katika habari za Hajiri liko neno linalowasumbua walimu wengi. Yule Mmisri, mgeni katika nyumba ya Abramu, alipotendwa vibaya na bibi yake alikimbilia jangwani. Na malaika aliyemkuta penye chemchemi alimwambia arudi, akanyenyekee. Basi wako watu walishikao sana neno hilo, na mwanamke akiwajia na alama za kipigo mwilini humwambia, "Mama, rudi, uvumilie." Twauliza: je, ni haki kutoa shauri hilo?

Na tulitazame jambo hili mahali lilipo zito kabisa, yaani kwa mke aliye mgeni katika nchi ya watu. Watoto wetu wengi wamekwenda kukaa Marekani, na wako wake waliowafuata waume walio raia wa huko. Kwa desturi ya sheria ya nchi ile, mume ndiye amwombeaye mkewe kibali cha kukaa. Nia ya sheria ni njema, watu wa nyumba moja wasitengwe. Lakini mume mkali amepata humo fimbo ya pili, isiyoacha alama. Hati za mkewe huzifungia sandukuni, akamwambia, "Ukienda kwa polisi, nitaliondoa ombi langu, nawe utarudishwa kwenu bila watoto." Mke hajui vema lugha ya nchi, hana fedha yake mwenyewe, wala hana shangazi wala mjomba wa kumkimbilia. Basi hunyamaza, na majirani humsifu kuwa mke mvumilivu.

Hapo ndipo twaona kosa la shauri lile. Mvumilivu ni mtu aliye na njia mbili mbele yake, akaichagua iliyo ngumu kwa ajili ya jambo jema. Asiye na njia ila moja hakuchagua, amefungwa. Kumsifu kwa saburi ni kuisifu minyororo yake. Tena sisi tulio nje ya nyumba ile, tusioumia, twawezaje kutoa sadaka maumivu ya mtu mwingine?

Watunga sheria wa Marekani nao waliliona jambo hilo. Mwaka 1990 walimruhusu mke mwenye kibali cha miaka miwili, ikiwa aliteswa, aombe kukaa daima pasipo sahihi ya mumewe. Mwaka 1994, katika sheria ya kuzuia ukatili juu ya wanawake, waliongeza kwamba mke anayeteswa na mume aliye raia, au aliye na kibali cha kukaa daima, aweza kujiombea mwenyewe tangu mwanzo; na mume anayeteswa na mkewe vivyo hivyo. Yampasa kuonyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, na kwamba walikaa pamoja, na kwamba aliteswa. Na mateso si kipigo tu. Tangu 1996 maofisa wamekatazwa kumpasha mtesaji habari za ombi hilo. Mwaka 2000 kikawekwa kibali kingine kwa walioumizwa na uhalifu wa namna fulani, wakiwasaidia polisi. Lakini hutolewa 10,000 tu kwa mwaka, nao waombaji hungoja miaka mingi.

Basi turudi kwa Hajiri. Wengi huishia sura ya 16. Katika sura ya 21 yumo tena jangwani, pamoja na mwanawe, na maji ya kiriba yamekwisha. Safari hii hakuambiwa arudi. Alifumbuliwa macho, akaona kisima. Sheria hizi nazo ni kisima kilichopo, lakini mwenye kiu hakioni, kwa kuwa yule aliyemfunga ndiye amwelezaye sheria.

Watu watasema, "Mwataka kuvunja ndoa." Sivyo. Aivunjaye ni yule apigaye. Wala hatusemi kwamba mwanamke alazimishwe kuondoka. Msaidizi amwamuruye atoke amejifanya bwana wa pili juu yake. Kazi yetu ni kumsikiliza faraghani, kumtafutia mkalimani asiye mumewe wala mtoto wake, kuitunza siri yake, kumwonyesha nyumba ya usalama, na kumpeleka kwa mwanasheria ajuaye mambo haya. Maana karatasi iliyojazwa kwa kubahatisha yaweza kumdhuru. Kisha achague mwenyewe.

Kwa nini basi Hajiri aliambiwa arudi mara ya kwanza? Hatudai kulieleza lote. Lakini neno ambalo Mungu alimwambia mtu mmoja si amri tuliyopewa sisi ya kumtwika kila mtu. Tena malaika hakuanza kwa kuamuru. Alimwita kwa jina lake, akamwuliza atokako na aendako. Na sisi tuanze hapo.