Harimu ya Mto

Mzee mmoja wa Jangwani, Dar es Salaam, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka ukingo wa mto Msimbazi, alikuwa na desturi ya kuchora mstari wa mkaa juu ya mwimo wa mlango kila maji yalipoingia ndani na kutoka. Mstari wa chini ulinifika gotini. Wa juu kabisa, wa Desemba 2011, ulinipita kifua. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa upole, "Mafuriko ni kazi ya Mungu, mwanangu. Mimi naandika hesabu tu."

Jawabu hilo lina vipande viwili, nami nimewasikia watu wengi, wakubwa kwa wadogo, wakikishika cha kwanza ili wasikiguse cha pili. Ya kuwa mvua ni kudura ya Mwenyezi Mungu, sina haja ya kubishana na mtu. Lakini mvua ile ya 2011, ambayo mfano wake haukuwa umeonekana mjini tangu 1954 na ambayo maafa yake yaliwachukua watu wapatao 40, ilipokwisha kushuka kutoka mbinguni ilikuwa bado na safari ndefu: kutoka vilima vya Pugu ambako Msimbazi huanzia, kupita juu ya mabati na saruji mahali ambapo zamani palikuwa na majani ya kuinywa, kukuta mifereji imezibwa na takataka na njia ya mto imejaa mchanga, hata kuufikia mlango wa bahari penye Daraja la Selander, ambapo mto hulazimika kungoja maji yapwe kila gharika inapokutana na bamvua. Katika safari hiyo, sehemu ya mawingu ni fupi na sehemu yetu ni ndefu.

Wanaodhani kwamba hadhari ni upungufu wa imani wakumbuke habari ya Khalifa Umar bin Khattab, ambaye akiwa njiani kwenda Sham alipashwa kwamba tauni imeingia nchi ile, akashauriana na wenzake, akaazimu kurudi Madina. Abu Ubaida, mtu ambaye hakuna awezaye kumshuku udhaifu wa dini, alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu; na Umar alikiri kwamba ndiyo, anaikimbia, ila anakokimbilia nako ni kadari ya Mungu, kisha akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye pande mbili, mmoja wa majani na mmoja mkavu, kwamba upande wowote atakaowalisha atakuwa amewalisha kwa kadari. Na mfano wenyewe, ajabu, ni wa bonde.

Mafakihi waliokuja baadaye hawakuliacha jambo hili katika itikadi peke yake. Waliandika kwamba kisima, chemchemi na mto kila kimoja kina harimu yake, yaani ardhi ya pembeni isiyofaa kujengwa, kwa kuwa maji yana haki ya kupita na watu wana haki ya kuyafikia. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 ilifika palepale kwa njia nyingine, ilipokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Basi elimu tulikuwa nayo, na sheria tulikuwa nayo.

Walakini tukilaumu, tulaumu kwa mizani. Mwaka 1967 mji huu ulihesabiwa watu wasiofika 300,000. Mwaka 2022 walizidi milioni 5, na mchukuzi wa Kariakoo asiyeweza kulipa nauli ya kwenda na kurudi hulala bondeni mwa Msimbazi, pale ambapo miguu yake itamfikisha sokoni alfajiri. Mtu huyo alichorewa alama ya X nyekundu ukutani akaambiwa abomoe, ilhali karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa bondeni humohumo, kwa michoro na mihuri, ikafurika mara kadha wa kadha. Waliohamishiwa Mabwepande baada ya 2011 walipewa viwanja, na kiwanja ni kitu kizuri; ila kibarua hakikuhamishwa pamoja nao, ndiyo maana baadhi yao walirudi. Mimi siwezi kuliita kosa la maskini na kosa la mwenye muhuri kwa jina moja.

Upo na ushirikina wa upande wa pili, nao ni kuuabudu ukuta. Mhandisi husema mfereji umepimwa kwa mvua ya miaka mia, na msikiaji hufahamu kwamba kwa miaka mia amesalimika. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka mvua hiyo ina nafasi moja katika mia ya kunyesha, hata akaaye katika nyumba yake miaka 30 ana nafasi zaidi ya moja katika nne ya kuiona. Na hesabu hiyo hutolewa katika daftari za mvua zilizopita, ilhali hewa ikizidi joto kwa digrii moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7.

Mpango wa sasa wa Msimbazi, ambao mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kuukopesha dola milioni 200, unanipendeza kwa jambo moja: badala ya kuubana mto, unakusudia kuliinua daraja la Jangwani na kuliacha bonde liwe bustani ambamo maji yataruhusiwa kutanda. Huko ni kuirudisha harimu, na ikiwa fidia itafika mikononi mwa wanaostahili, mimi ni miongoni mwa watakaoshukuru.

Nawe unayetaka kununua kiwanja mjini humu, usiende kukitazama Agosti, wakati ardhi imekauka na dalali ana maneno matamu. Nenda Aprili, masika yakiwa yamekolea, ukaombe kuonyeshwa miimo ya milango ya majirani.