Ramadhani 18: Tarakimu mbili kwenye namba ya mzee



Jana tulizungumzia mizani ya dukani. Baada ya tarawehe ndugu mmoja akanishika mkono pale nje akaniambia, "Wenye maduka umewasema. Sisi wa maofisini hatuna mizani." Akacheka, nami nikacheka. Lakini nimeamka na daku hilo neno bado liko kichwani. Maana mimi nilikuwa wa ofisini, na mizani nilikuwa nayo, ila ilikuwa ya karatasi.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa utumishi kwenye kampuni moja hapa Dar es Salaam. Jina la kampuni halisaidii kitu, tuliache. Kati ya kazi zangu ilikuwa kuandaa orodha ya michango ya NSSF kila mwezi. Kwa asiyeijua kazi hiyo: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya hiyo, yaani asilimia 10. Pesa inakwenda pamoja na orodha yenye jina la mtu, namba yake ya uanachama, mshahara wake na mchango wake. Orodha ndiyo inayoiambia pesa iende kwa nani. Pesa ikienda bila orodha, au na orodha yenye kosa, inafika salama kabisa lakini haina mwenyewe.

Nilikuwa naifanyaje? Nachukua orodha ya mwezi uliopita, nabadilisha jina la mwezi, naongeza walioajiriwa, natoa walioondoka, napeleka ikasainiwe. Dakika ishirini, nusu saa. Nilijiona mwepesi wa kazi.

Pale kazini palikuwa na mzee mlinzi. Siku nilipoiandika namba yake mara ya kwanza kwenye kompyuta niligeuza tarakimu mbili, ya mbele ikaenda nyuma. Basi. Mwezi uliofuata nikanakili kosa langu mwenyewe, na uliofuata, na uliofuata. Miezi 31. Kilichokuja kulikata ni kwamba niliacha kazi, akaja kijana mwingine ambaye hakuziamini orodha zangu. Akakaa na kadi za wanachama, akaandika upya moja moja. Allah amlipe. Lakini yeye alirekebisha ya mbele, ya nyuma hakuyajua.

Mzee alistaafu akiwa na miaka 60, amefanya kazi miaka 16 kamili. Ni miezi 192. Kanuni inasema ili upate pensheni ya kila mwezi lazima uwe umechangia angalau miezi 180. Alipokwenda kufuatilia akaambiwa ana miezi 161. Kwa hiyo pensheni hapati, achukue mafao ya mkupuo mara moja, yaishe.

Hakuna aliyekula pesa yake hata senti. Hili ndilo linalonisumbua mpaka leo. Angekuwepo mwizi tungemtafuta, tungemlaani, tungelala. Hapa hapakuwa na mwizi.

Kilichomwokoa ni kopo la Blue Band. Mzee alikuwa anaweka humo slipu zake zote za mshahara tangu siku ya kwanza, zimekunjwa, nyingine wino umefifia. Nilipopigiwa simu na mwenzangu wa zamani kuulizwa kama najua lolote, nilikwenda. Tukakaa chini tukapanga slipu mezani, tukazilinganisha na orodha za zamani zilizokuwa stoo, tukaiona namba imepinduka. Kuanzia hapo barua, uthibitisho wa mwajiri, kwenda na kurudi, ilichukua miezi kumi na minne mpaka miezi yake ikarudi mahali pake na pensheni ikaanza kutoka. Katika miezi hiyo kumi na minne mzee alirudi kulinda usiku kwenye duka la mtu. Ramadhani moja nzima aliipitisha nje ya duka, tarawehe anaisikia kwenye spika za msikiti wa jirani.

Nilimwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, nimekusamehe, binadamu tunakosea." Watu wangu wa karibu wote wakaniambia yameisha hayo, wewe hukukusudia. Na mimi nilitaka sana kuamini hivyo. Si tunajua Allah ameusamehe umma huu jambo lililofanywa kwa kukosea na kwa kusahau?

Nikaenda kwa shehe wangu. Hakunijibu kwanza, aliniuliza, "Hivi wewe uliwahi hata mara moja kulinganisha ile orodha na kadi?"

Nikasema hapana.

"Miezi mingapi?"

"Thelathini na moja."

Akanyamaza kidogo, halafu akanifundisha kitu ambacho naomba tukitafakari pamoja leo. Wanazuoni wa fiqhi wanatofautisha dhambi na dhima. Mtu akivunja chungu cha mwenzake kwa bahati mbaya, dhambi hana, lakini chungu atalipa. Kukosea kunaondoa dhambi, hakuondoi haki ya mwenye mali. Halafu, aliyewekewa amana ana hukumu yake: ikipotea bila yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, hadaiwi. Akizembea, anadaiwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama ulikusudia. Ulikuwa na njia ya kuhakiki ukaiacha kwa sababu inachosha? Kugeuza tarakimu mara ya kwanza, akasema, kulikuwa kukosea. Miezi thelathini iliyobaki sijui utaiitaje.

Nami sijui niiite nini. Najua tu kwamba nilikuwa nimejiandalia utetezi usiofaa. Nilikuwa nasema "sikukusudia", na ni kweli, lakini sikukusudia pia kuhakiki.

Tukirudi kwenye Qur'ani, aya iliyo ndefu kuliko zote haizungumzii swala wala hija. Ni ya 282 katika Suratul Baqarah, na inazungumzia kuandika deni. Wengi tunaisoma kila Ramadhani, tunaipita kwa pumzi mbili tatu kwa sababu ni ndefu. Ukiisoma taratibu utaona mambo ya ajabu. Mwandishi anaamrishwa aandike kwa uadilifu. Watu wanakatazwa kuchoka kuandika, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Yaani Allah anaujua ule uchovu wa karani saa tisa alasiri na orodha ya watu mia nne, na ameutaja.

Na anayemwelekeza mwandishi nini cha kuandika ni yule anayedaiwa, siyo anayedai. Naye anaonywa amche Mola wake, asipunguze chochote. Sasa tujiulize, kwenye michango ya mfanyakazi nani anadaiwa? Mfanyakazi ameshafanya kazi, jasho lake limeshamtoka, na sehemu ya ujira wake imeahirishwa mpaka uzeeni. Kwa jinsi ninavyoelewa mimi, na wanaojua zaidi wanisahihishe, mwajiri ndiye mdaiwa, na ile orodha ya kila mwezi ni maneno yake ya kukiri deni. Ikiwa na kosa, kukiri kwake kuna kosa. Kwa hiyo mzigo wa kuisahihisha ni wake kwanza. Sisi tumegeuza. Tunamwachia mzee wa miaka 60 nauli, foleni na jua, athibitishe kwamba yeye ni yeye.

Aya hiyo hiyo inasema pia mwandishi asidhuriwe. Na hapa nawasemea makarani wenzangu. Bosi anayemwambia karani aandike mshahara mdogo kuliko unaolipwa ili mchango upungue, na karani ana watoto wanaomtegemea, bosi huyo anamdhuru mwandishi. Na hata asiyeagiza uongo, akimpa mtu mmoja majina mia nne na mchana mmoja wa kuyaandaa, halafu hataki kusikia habari ya kuhakiki, ana fungu lake katika kosa litakalotokea. Simtetei karani mzembe, nimeshajisema mwenyewe. Ila dhima inapanda ngazi.

Sayyidna Umar (r.a.) alipoanzisha diwani, daftari la Waislamu waliokuwa wanapata fungu kutoka hazina, kazi ya kuandika majina hakumpa yeyote aliyekuwa na nafasi. Wanahistoria wanawataja watatu: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Hawa walikuwa wajuzi wa nasaba za Maquraishi, wanajua nani mtoto wa nani, na yupi siye yule mnayefanana majina. Imesimuliwa pia kwamba utaratibu wa mwanzo ulikuwa mtoto haandikiwi fungu mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja Umar akiwa kwenye doria akasikia mtoto analia, akatulia, akalia tena. Alipomuuliza mama, asiyejua anaongea na nani, mama akasema anamwachisha mapema kwa sababu Umar haandiki wanaonyonya. Asubuhi aliswalisha Alfajiri watu hawasikii vizuri kisomo chake kwa kilio, kisha akaamuru kila mtoto aandikwe tangu kuzaliwa. Yeye ndiye kiongozi, hakumwonea mtu, aliweka sharti tu kwenye daftari. Sharti likatembea mpaka kwenye ziwa la mama asiyemjua.

Nasaba na majina, jamani, kwetu ni mtihani. Mtu madrasa ni Khamis, shule ni Hamisi, kitambulisho cha taifa kimeandika Hamis. Fatuma na Fatma. Saidi na Said. Mwingine babu yake ameachwa nje kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi mbili. Dada kaolewa, kazini wakamwandika kwa jina la mume, kwenye cheti yuko na la baba. Akiwa hai anaweza kujieleza. Akifa, anayejieleza ni mjane aliye eda, anaulizwa kwa nini marehemu ana majina matatu. Karani anayeandika jina la mtu "kama linavyoandikwaga" badala ya kuangalia cheti anadhani anaokoa dakika.

Na sisi wenyewe wenye majina tusijifanye tumeonewa tu. Wapo waliopunguza miaka ili waajiriwe, sasa mwili una sitini na mbili, karatasi inasema hamsini na sita, wanataka karatasi ndiyo iseme kweli leo. Wapo walioandika wategemezi siku ya kwanza ya kazi mwaka 1998, wakaoa tena, wakazaa, mmoja kati ya walioandikwa ameshafariki, fomu haijaguswa. Hiyo nayo ni haki ya watu, na mwenye kuiandika sawasawa ni wewe.

Tunaijua hadithi ya muflisi, aliyepokea Muslim, ya mtu atakayekuja Kiyama na swala, saumu na zaka, kisha mema yake yakagawiwa kwa watu aliowadhulumu. Zamani nikiisoma nilikuwa namwona mtu mbaya, mpigaji, mtukanaji. Siku hizi namwona pia mtu mpole aliyekuwa ananakili orodha ya mwezi uliopita. Mzee amenisamehe, alhamdulillah, na pesa yake imerudi. Lakini katika orodha zile mia nne za majina mimi nilimjua mmoja tu, kwa sababu ya kopo lake. Wasiotunza slipu siwajui. Mwaka jana niliandika barua kwa ofisi ile ya zamani kuomba orodha zote za miaka yangu zihakikiwe na kadi. Wamekubali nisaidie, Jumamosi asubuhi, bila malipo. Mpaka sasa tumepata wengine wawili. Mmoja ameshafariki, tunawatafuta warithi wake.

Leo baada ya tarawehe nitakaa pale kwenye kabati la misahafu. Mwenye slipu, kadi ya uanachama na kitambulisho cha taifa aje navyo, tuangalie jina, tarehe ya kuzaliwa, namba, na idadi ya miezi. Akina mama, dada yetu mhasibu atakuwa upande wenu. Na kama wewe ni karani au mwajiri, njoo pia, hata kama huna slipu.

Wabillahi tawfiq.