Je, Ni Haki Kujitenga na Mji?

Tuseme leo ni siku ya mkutano mkuu wa kijiji katika kata ya Qurus, kandokando ya mji wa Karatu. Wazee wameketi kivulini, kina mama wamefika kutoka mashambani, vijana wamesimama nyuma. Mtu mmoja aomba nafasi, asema: “Ndugu zangu, mji huu unatujia. Viwanja vyapimwa hata katikati ya mahindi na mbaazi zetu. Ushuru twalipa, lakini barabara yetu ni tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi. Takataka za mji zaletwa kwetu, fedha za mji hazifiki kwetu. Na tuombe mamlaka yetu wenyewe, tujitawale.” Wengi wapiga makofi. Mzee mmoja tu anyamaza, akitazama chini.

Mkutano huo ni mfano tu, lakini maneno yake si mageni. Yamesemwa katika miji mingi, mikubwa na midogo, nasi yatupasa kuyapima kwa utulivu. Je, ni haki watu wa pembezoni kujitenga na mji wenye matatizo ili wajitawale? Nani aona mbali zaidi, yule aliyesema au yule aliyenyamaza?

Huko Marekani swali hili limeamuliwa kwa kura. Mwaka 2005 wakazi wa Sandy Springs, kaskazini ya Atlanta, waliunda mji wao wenyewe, wakilalamika kwamba kodi zao zatumika mahali pengine. Mwaka 2019 wapiga kura wa upande mmoja wa Baton Rouge, katika jimbo la Louisiana, waliamua kuunda mji wa St. George. Hao walianza kwa kutaka shule zao wenyewe. Kesi ikadumu mahakamani hata mwaka 2024, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilipowapa ruhusa. Waliofurahi walisema, “Sasa tutatawaliwa na watu wanaotujua.” Waliobaki waliuliza, “Na sisi mwatuachia nini?” Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Tuanze na haki ya anayetaka kujitawala, wala tusimdharau. Mwaka 1931 Papa Pius XI, katika barua yake Quadragesimo Anno, alifundisha kwamba si haki jamii iliyo kubwa kuinyang’anya iliyo ndogo kazi ambayo hiyo ndogo yaweza kuitenda yenyewe. Sisi Watanzania twalijua somo hili kwa kuonja uchungu wake. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilianza kuvunjwa, kazi zake zikawekwa mikononi mwa watumishi waliotumwa kutoka juu. Barabara, maji na zahanati havikuendelea vizuri zaidi kwa sababu hiyo. Halmashauri zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri waziwazi kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Kiongozi mkubwa kukiri hivyo si jambo dogo. Mwenye nyumba ndiye ajuaye mahali paa linapovuja.

Tena, wenyeji wa Karatu wenyewe ni ushahidi. Zamani walikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu, na mwenye shida ya kiserikali alipaswa kufunga safari ndefu ya milimani. Katika miaka ya 1990 Karatu ikawa wilaya. Mwaka 2002 mkoa wa Arusha ulipogawanywa na mkoa wa Manyara kuundwa, Mbulu ilikwenda Manyara, Karatu ikabaki Arusha. Nani atasema kwamba mama mwenye mtoto mgonjwa, au mjane mwenye shauri la shamba, alidhulumiwa kwa kusogezewa ofisi karibu? Wala undugu haukukatika kwa mpaka huo. Koo zilibaki koo zilezile, na waamini wa pande zote mbili waliendelea kuhudumiwa na jimbo lilelile la Mbulu.

Desturi ya zamani nayo yafundisha hivyo. Wairaqw wana neno lao, aya, maana yake nchi yenye mipaka yake, ambamo jirani hushirikiana chini ya wazee wao. Nchi ya Irqwar Da’aw ilipojaa watu, jamaa nyingi zilitoka zikafungua nchi mpya, hata zikafika katika nyanda za Karatu. Kila nchi mpya ilikuwa na mipaka na wazee wake. Lakini Irqwar Da’aw haikuacha kutajwa kuwa nyumba ya asili. Walitoka kwa sababu ardhi ilikuwa haitoshi, si kwa sababu wamechoka kuwaona ndugu zao.

Basi, kugawana utawala si dhambi. Twende sasa upande wa pili.

Dar es Salaam yatupa fundisho. Mwaka 1996 halmashauri ya jiji hilo ilivunjwa kwa kushindwa kazi, na tume ikaliongoza jiji hata mwaka 2000. Ndipo zikaundwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake halmashauri ya jiji kwa mambo ya wote. Baadaye ziliongezwa Ubungo na Kigamboni. Mwezi wa Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja halmashauri ile ya juu, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Hatusemi kwamba mgawanyo huo ulikuwa mbaya, kwa maana jiji lile lilikuwa limekua mno. Lakini utazameni mto Msimbazi. Waanzia katika vilima vya Pugu, wapita kwa hawa na kwa wale, kisha waingia baharini. Mvua kubwa inyeshapo, kama ilivyonyesha mwezi wa Desemba 2011, maji hayaulizi, “Hapa ni manispaa ya nani?” Taka iliyotupwa mtoni na mtu wa juu yaziba daraja la mtu wa chini. Nalo jalala la Pugu Kinyamwezi, lililo Ilala, lilipokea taka za manispaa nyingine pia. Mwanadamu aweza kugawa ofisi na mihuri. Mto na uvundo havigawanyiki.

Ndivyo ilivyo hata Karatu. Msitu ulio juu, katika nyanda za Ngorongoro, ndio unaolisha chemchemi za chini. Huko Mang’ola, karibu na ziwa Eyasi, watu hulima vitunguu kwa maji ya chemchemi. Akikata miti mtu wa juu, aona kiu mtu wa chini, hata kama kila mmoja ana mwenyekiti wake na mhuri wake. Na wageni waendao Ngorongoro wapita barabara moja. Faida yao ikiishia upande mmoja wa mpaka, na vumbi lao likaangukia upande wa pili, je, hiyo ni haki?

Kwetu, kata haijitengi yenyewe kwa kura kama kule Marekani. Katiba ya mwaka 1977 imempa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya. Lakini maombi huanzia kwa watu, na dhamiri ya mtu haingoji tangazo la Serikali. Kwa hiyo kila anayeomba kujitenga na ajiulize maswali matatu.

La kwanza: Je, twataka madaraka yamkaribie mnyonge, au twataka fedha zetu zimkimbie? Haya ni mambo mawili tofauti, ingawa mara nyingi husemwa kwa maneno yaleyale.

La pili: Wanaobaki watabaki na nini? Wenye hoteli na mashamba makubwa wakitoka na ushuru wao, nani atakarabati zahanati ya waliobaki? Kilicho haki kwa anayetoka hakina budi kuwa haki pia kwa anayeachwa.

La tatu: Vitu vya wote vitatunzwa na nani? Chemchemi, msitu, jalala, hospitali, barabara: hivi vyataka mkataba, mchango na watu wa kuvisimamia, tangu siku ya kwanza. Kuahidi kwamba “tutaelewana baadaye” hakutoshi. Ndugu wengi wamegombana kwa sababu ya neno hilo.

Lakini hatuwezi kuwaambia watu wa pembezoni tu wavumilie. Wapo wanaohubiri umoja kwa sababu wao wameketi penye kivuli cha umoja huo, na wengine wamesimama juani. Wakuu wa mji wanaokula ushuru wa kijiji bila kurudisha hata karavati moja, hao ndio wanaoutenga mji kabla mtu yeyote hajaomba kutoka. Asiyesomewa mapato na matumizi hulazimika kudhani, na dhana huzaa chuki. Kabla ya kumlaumu anayetaka kuondoka, mji na ujichunguze.

Tena, anayetumaini kwamba mpaka mpya utaleta watu wapya asijidanganye. Mwizi wa ushuru aweza kuhamia ofisi mpya pamoja na viti. Kijiji kisichohudhuria mikutano yake leo hakitaanza kuhudhuria kesho kwa sababu kimebadilishiwa jina.

Baba na mama, jambo hili mwalijua nyumbani. Kijana akioa hujenga nyumba yake, wala hakuna anayemlaumu. Apaswa kuwa na jiko lake na mlango wake. Lakini akishajenga, akaacha kumsalimu mama yake, akamwachia mdogo wake deni lote la karo na dawa ya baba mgonjwa, watu husema, “Huyu hakuhama, huyu amekimbia.” Nyumba ni mpya vilevile, na mlango ni uleule. Kilichobadilika ni moyo wake.

Labda hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza yule mzee aliyenyamaza. Hatudhani kwamba aliupinga mji wala kijiji. Tumpe nafasi aseme neno lake kabla mkutano haujafungwa: “Wanangu, mimi nakubali tujitawale. Ila niambieni kwanza: tukishachora mpaka, jalala litakaa upande gani, na chemchemi upande gani, nasi tutawaambia nini majirani?” Mkutano utakaojibu swali hilo kwa haki, na uombe mamlaka yake bila hofu. Mkutano utakaomzomea mzee huyo bado haujawa tayari kujitawala.